Moshi Uliobaki Jiko Lilipozimwa

Farhia anauza vitambaa mjini Machakos. Duka lake linatazama steji ya mabasi. Kila siku mama yake mzazi, Bisharo, hukaa barazani. Anapenda kuona watu, na anapenda zaidi kusalimiwa nao.

Mwaka huu kifua chake kilianza kumsumbua. Alikohoa asubuhi, alikohoa adhuhuri. Siku moja pumzi ilimkatika hadi midomo ikabadilika rangi. Farhia alimkimbiza hospitali.

"Ana pumu," daktari alisema. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. "Dawa itamsaidia. Lakini mwepushe na moshi."

Moshi! Farhia hakuhitaji kuuliza moshi unatoka wapi. Mbele ya duka lake, Kalondu huchoma mahindi kwa jiko la makaa.

"Kalondu, peleka hilo jiko mbali," alimwambia. "Linamuua mama yangu."

"Aiya! Mimi?" Kalondu alishangaa. "Tumekaa hapa miaka hii yote. Leo ndio moshi yangu imekuwa mbaya?"

Tangu siku hiyo wawili hao hawakusemezana. Naye Bisharo akahamishiwa ndani, nyuma ya marobota ya vitambaa.

"Umenifunga kama mbuzi," alimlalamikia binti yake.

Wiki hiyo alikuja Mwendwa, afisa wa afya ya umma. Alikuwa na kisanduku cheupe chenye taa.

"Habari, Farhia? Naomba nifunge hii kwa nguzo yako."

"Mzuri. Ni kamera?"

"Hapana. Inapima hewa."

Farhia alicheka. "Hewa inapimwaje? Hata kuonekana haionekani!"

"Ndani ya moshi kuna chembe ndogo sana," Mwendwa alieleza. "Unywele wako ni mnene kuliko hizo chembe mara nyingi. Ukizivuta, zinafika ndani kabisa ya mapafu. Kisanduku hiki kinazipima. Taa ikiwa kijani, hewa ni nzuri. Ikiwa manjano, uwe mwangalifu. Ikiwa nyekundu, hewa ni mbaya. Mtoto, mzee na mgonjwa wa kifua wasikae hapo."

Farhia alifurahi moyoni. Sasa Kalondu atajionea mwenyewe! Na kweli, kesho yake Kalondu akiwa anachoma mahindi, taa iligeuka nyekundu.

"Si nilisema?" Farhia alijiambia.

Kisha Kalondu akaenda kijijini Kola kwa mazishi ya shangazi yake. Jiko likabaki baridi. Farhia alikitazama kisanduku. Kijani. Basi likafika, likasimama karibu na baraza kungoja abiria. Lingine likalifuata. Injini zikaendelea kunguruma. Manjano. Likaja basi kuukuu, likatoa moshi mweusi. Nyekundu!

Farhia aliweka mkasi chini, akatoka nje. Jiko halikuwa linawaka. Basi moshi huu ni wa nani? Alisimama pale pale hadi mabasi yakaondoka. Polepole taa ikarudi manjano, kisha kijani.

Kalondu aliporudi, Farhia alimfuata.

"Pole kwa msiba, dada. Na unisamehe. Nilikulaumu bila kujua."

Kalondu alimpa mkono. "Hata mimi macho huniwasha kila jioni," alisema. "Nilidhani ni makaa."

"Makaa pia yana moshi," Mwendwa aliwaambia baadaye. "Kalondu, washia jiko kule nyuma kwenye uwazi. Lilete makaa yakishaiva. Lakini kazi kubwa iko pale steji."

Wakaenda wote watatu. Mwenyekiti wa steji, Musembi, aliwasikiliza. Alikuja hadi barazani kuiona taa kwa macho yake. Kisha akawaita madereva.

"Kuanzia leo, gari likingoja abiria, injini izimwe," alisema.

Muthoka, dereva wa lile basi kuukuu, alipinga. "Kuzima na kuwasha kunamaliza mafuta!"

"Sivyo," alisema Mwendwa. "Ukingoja zaidi ya dakika moja, unachoma mafuta mengi kuliko ya kuwasha tena. Na wewe ndiye unakaa karibu na huo moshi siku nzima."

Muthoka alijikuna kichwa. "Ukweli ni kwamba betri yangu imekufa. Nikizima, haiwaki."

Makanga wa mabasi waliangua kicheko.

"Basi utasimama kule mwisho, mbali na maduka," Musembi aliamua.

"Kule hakuna abiria!"

"Nunua betri."

"Na huo moshi mweusi," Mwendwa aliongeza, "ni mafuta ambayo hayajaungua vizuri. Fundi aangalie injini, na abadilishe chujio la hewa likiwa chafu."

Mwanzoni madereva walisahau. Farhia na Kalondu waliwakumbusha, wakati mwingine kwa utani, wakati mwingine kwa ukali. Polepole wakazoea. Taa haikuwa kijani kila siku, lakini nyekundu ikawa nadra. Bisharo akarudi barazani. Taa ikibadilika, anaingia ndani. Dawa yake anaendelea nayo, ila sasa hashikwi na pumu mara kwa mara.

Asubuhi moja basi la Muthoka lilikuja tena mbele. Moshi mweusi ulikuwa umeisha. Muthoka akazima injini, akatabasamu kama bwana harusi. Steji nzima ikatulia.

Bisharo aliinua kichwa. "Farhia, kitu gani kinalia hivyo? Ta, ta, ta?"

Farhia alitega sikio. Kisha akacheka.

"Ni mahindi ya Kalondu, Mama. Yanapasuka kwenye jiko."

"Kumbe yanalia!" alisema Bisharo. "Miaka yote hii nimekaa hapa, sijawahi kuyasikia."