Mwanafunzi Aliyeitwa na Profesa Rešad

Fikreta aliweka kiganja juu ya tumbo la sanamu la mazoezi, akakiondoa haraka. Lilikuwa na joto. Tumbo lenyewe ni la mpira, na chumba cha mazoezi kiko chini kabisa ya hospitali, mahali ambapo baridi ya mji wa Tuzla na moshi wake wa makaa hupenya hadi mifupani.

Hapo ndipo alipowafundisha upasuaji madaktari vijana. Kosea hapa kwenye mpira, aliwaambia, kisha tukae tuzungumze ulifanya nini na kwa nini, halafu rudia. Aliamini kwamba anayeaibishwa hajifunzi, huficha tu makosa. Profesa Rešad, mkuu wa idara, aliamini hofu.

Jana yake alishuka akamkuta Vildana, mmoja wa madaktari hao vijana, akishona tumbo lile.

"Hiyo ni mishono au sambusa ya burek iliyopasuka?" alifoka. "Hata shetani angejifunza upesi kuliko wewe. Na aje basi! Nitamfundisha yeye."

"Profesa, usiite vitu hivyo huku chini," Fikreta alinong'ona.

"Ndiyo elimu yako hiyo? Kubembeleza wajinga na kuogopa majini?"

Baada ya joto ikaja harufu, kama manyoya yaliyoungua. Kisha sanamu likaanza kuvuta pumzi, ilhali waya wake wa umeme ulikuwa umechomolewa.

Siku moja Vildana akamvuta Fikreta ukumbini, akapandisha mkono wa sweta.

"Dada, nimeamka nikaikuta hii."

Nyuzi nyeusi zilipita kwenye ngozi isiyo na jeraha lolote. Zilikwenda upogo, mafundo yamekazwa mno hadi nyama imevimba. Fikreta alitaka kumwambia ni mzaha wa wenzake, lakini akaushusha tu mkono wa sweta.

Darasani akaeleza tena jinsi ya kulegeza fundo. Asubuhi iliyofuata Vildana alikuwa na mshono mpya pajani, na mafundo yake yalikuwa yamelegezwa. Fikreta akaeleza jinsi ya kuinamisha sindano, na kila alichokisahihisha mezani akakikuta kimesahihishwa mwilini mwa binti yule, mstari ukinyooka, nafasi zikilingana, mpaka siku alipomfunua shati tumboni akaona kwamba safari hii chini ya uzi kulikuwa na jeraha la kweli, refu, lililopasuliwa kwa utulivu na kufungwa na mkono usiobahatisha.

"Hilo lililoitwa na Profesa linafanya nini, dada?"

"Linajifunza," Fikreta akasema, akaanza kulia.

Alifunga darasa, akamwendea nana Zumra, bibi anayetibu walioingiwa na hofu. Bibi alimfunika Vildana shuka, akamwaga madini ya risasi yaliyoyeyushwa ndani ya bakuli la maji lililoshikwa juu ya kichwa chake. Maji yakapiga kelele. Risasi ikaganda kwa umbo la sindano iliyopinda.

"Huyu hakujileta," bibi alisema. "Aliitwa asome. Aliyemwita ndiye amruhusu aondoke. Aseme: nenda ulikotoka. Asiongeze neno."

Wakamleta Profesa Rešad kwenye chumba cha mazoezi. Alipoliona tumbo la Vildana alipauka, lakini hakutaka kuonekana ameogopa mbele ya wanawake watatu. Sanamu lilikuwa likihema taratibu, kama mtu anayesikiliza.

"Mwambie aende alikotoka, mwanangu," nana Zumra akamsihi. "Hayo tu."

Profesa aliinama juu ya jeraha, akalitazama kwa muda.

"Mshono mzuri," akasema. Tangu aanze kufundisha hakuwahi kumsifu mtu. Kisha akacheka. "Mmeona? Huyu hakubembelezwa. Umefuzu, bwana! Nenda kazini."

"Mdomo wako!" bibi akapiga ukelele. "Mdomo wako umetumaliza!"

Pumzi ya sanamu ikakatika. Harufu ikatoweka. Nyuzi zikadondoka sakafuni kutoka mwilini mwa Vildana, naye akajishika, hana hata kovu. Fikreta alimkumbatia. Simu ya ukutani ikalia, Profesa akaipokea.

Alikuwa nesi wa wodi ya upasuaji, ghorofa ya juu.

"Profesa, nani amempasua yule mzee mgonjwa wa nyongo? Si tulimpanga kesho?"

"Hajapasuliwa na mtu."

"Amepasuliwa kifua. Ameshonwa vizuri, sijawahi kuona mshono kama huu. Ameketi, anazungumza nasi." Sauti ya nesi ikashuka. "Ila anatuuliza kwa nini hasikii moyo wake, nasi tumesikiliza pia, hatuusikii. Njoo, Profesa. Wa kitanda cha pili ameanza kupiga mayowe."