Msafiri Hurudi

Moyo wa Mwanaidi ulipoanza kwenda mbio, kiliwazo kilijua kabla yake. Kilikuwa kimashine cha kuliwaza watu, cha ukubwa wa chura, kimemng'ang'ania begani, kidole chake cha mpira kikisikiliza mshipa wa shingo. Kikajipasha joto, kikasema kwa sauti laini, "Mwana, vuta pumzi nami." Akavuta. Machozi yakakauka kabla ya kudondoka.

Baba yake, Mzee Semkiwa, alitazama kutoka mlangoni, sahani ya ugali mkononi, wivu ukimpanda kama kiungulia.

Mwanaidi alikuwa mwanamwali mzima, ila akili yake ilitembea taratibu. Neno alilishika kama lilivyotamkwa. Tangu mamake afariki alikuwa mnyonge, chakula anakisukuma kando. Idara ya Utulivu haikutuma mtu wa kukaa naye, ilituma mashine. Ndivyo walivyo wakubwa: watoto wao wanaliwazwa na wauguzi wa nyama na damu, wa wanyonge wanapewa chura wa plastiki. Lakini kilichomchoma Mzee zaidi ni kingine. Kambeba yeye mgongoni, kamfundisha yeye kufunga vifungo, leo siri zote zinamiminwa kwenye sikio la chura!

"Mnaongea nini nyie?"

"Mambo yetu."

"Mimi simo?"

"Wewe unakasirika."

"Shikamoo, baba," kiliwazo kikasema.

"Baba yako bisibisi!" Mzee akaweka sahani chini, akanyoosha mkono. "Leo unarudi kwa wenyewe."

Mwanaidi akakikumbatia. "Usikichukue! Kitanipeleka stesheni."

"Stesheni kufanya nini?"

"Kumpokea mama."

Akavuta mkoba uvunguni. Ndani mlikuwa na kanga ya marehemu, imekunjwa vizuri, na ndala zake.

"Shangazi alisema msibani, mama amesafiri. Wote walisema. Na wewe ukaitikia."

"Msafiri hurudi, Mwana," kiliwazo kikasema kwa upole. "Tutasubiri pamoja."

Mzee akakaa kitandani. Kumbe hiyo ndiyo dawa iliyokuwa ikikausha machozi! Wale wasomi wa Idara walikijaza kamusi nzima, wasikipeleke hata msiba mmoja kikasikie watu wanavyokikwepa kifo kwa maneno. Alitamani awapigie, awatukane mpaka sauti imkauke. Lakini kuitikia, kaitikia yeye. Na akisema kweli sasa, chura atabaki kipenzi, yeye ndiye atakayeonekana kamuua mama wa mtu.

"Mwanangu," akasema, "mama hakusafiri. Mama amekufa. Siku ile wanaume tulipotoka na jeneza, alikuwa ndani. Tukamzika. Harudi."

Kiliwazo kikajipasha joto. "Mwana, vuta pumzi na—"

"Sitaki!"

Akakibandua begani, akakiweka juu ya mto. Kisha akamwangukia baba yake kifuani, akalia kwa sauti, kilio cha msiba kilichochelewa. Mzee akamshika kwa mikono miwili. Na hata hapo, Mungu amsamehe, alimtupia chura jicho la ushindi.

Kilio kilipotulia, Mwanaidi akainua uso, kamasi tele.

"Baba."

"Naam, mama."

"Siku yako ikifika, usisafiri. Ufe tu. Halafu uniambie."

Mzee akafungua kinywa aitikie, kama alivyoitikia msibani. Akakifunga. Pale juu ya mto, kiliwazo kilikuwa kikivuta pumzi peke yake.