Pete Ndani ya Bika

"Usiivue hata ukioga," mchumba wake alimwambia siku ya posa. "Hiyo ni dhahabu ya marehemu mama yangu."

Mwalimu wa kemia aliivua jana jioni akiosha vyombo vya maabara, maana ilimbana kidole. Akaiweka ndani ya bika tupu, ile gilasi ya maabara, akasahau. Asubuhi alipekua mkoba mpaka bitana, roho juu. Harusi ni Jumamosi, na mama yake keshagawa sare. Tangu mwanzo mwalimu hakumtaka yule bwana, lakini kila alipotaka kusema hapana, pete ya marehemu ilimziba mdomo. Atamkataaje mtu pamoja na kumbukumbu ya mamake?

Akaingia darasani hivyo hivyo, mkono mfukoni. Kwenye maji ya salfeti ya shaba akadondosha amonia, yakachafuka kwa mashapo ya bluu iliyopauka. Akaongeza amonia. Mashapo yakayeyuka, ikabaki bluu nzito, safi, kama wino. Akawaeleza wanafunzi kwamba shaba na amonia zimeshikana, na rangi ile ni alama ya shaba.

"Mwalimu, na bika ile ya pembeni mbona imekuwa bluu kabla hujatia kitu?"

Fundi wa maabara akasogea kutazama. Huyu ndiye ambaye mwalimu alimpenda, na shule nzima ilijua isipokuwa mama yake.

"Nilimimina humo amonia tupu jana jioni," fundi alisema. "Sikuangalia ndani."

Akaingiza koleo, akaitoa pete. Mwalimu aliitazama, akatazama ile bluu. Dhahabu haifanyi hivyo. Akawapa wanafunzi zoezi, akatoka na simu.

"Pete yako imegeuza amonia bluu, ni shaba," alimwambia mchumba.

"Nani kakwambia uivue?"

"Nijibu kwanza. Ilikuwa ya mama yako?"

Sauti ikaja chini chini.

"Niliinunua sokoni. Bila kumtaja marehemu ungenikatalia."

"Basi jibu langu ulilijua siku zote," alisema, na ndipo machozi yakamtoka. "Hata ingekuwa dhahabu, bwana, sikutaki. Nilikuwa naogopa tu kulisema."

Akakata. Akamwandikia mama: "Mama, harusi haipo. Nakuja nikueleze mwenyewe, unipige ukitaka."

Fundi alikuwa mlangoni, koleo bado mkononi.

"Sasa Jumamosi utakuwa wapi?"

"Nyumbani, nikimwomba mama radhi." Akajifuta uso kwa mkono usio na pete. "Jumapili nina nafasi. Ila uje kwa mlango wa mbele, mama akuone."