Mti Usio na Bendera

Mti wa bendera ulikuwa umelazwa juu ya meza ya baraza la mji, mtupu kama mfupa uliokwisha kugugunwa. Bendera yenyewe haikuwapo.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili mjini Kirkmallin. Kesho yake farasi wangekusanyika penye nguzo ya soko, na bendera hiyo ndiyo iliyopaswa kuwatangulia kuizunguka mipaka ya mji, kama ilivyowatangulia babu zao tangu enzi za wafalme ambao majina yao yamekwisha kufutika kwenye mawe.

Inspekta Elspeth Cairncross alisimama mlangoni mwa ukumbi, mikono nyuma, akitazama. Konstebo Lachlan Moodie alikuwa amekwisha kupiga magoti.

"Afande, kuna damu hapa."

Inspekta aliinama juu ya tone jekundu sakafuni, akanusa.

"Jemu, Moodie. Ya stroberi."

"Nifute?"

"Ni kielelezo. Chukua sampuli, itie katika bahasha, ipeleke maabara. Nao wapate la kucheka."

Kitasa hakikuvunjwa. Madirisha yalikuwa yamekomewa kwa ndani. Na tepe ambazo wanawake wa mji walizifunga kwenye mti huo jioni ya Jumamosi, kama ilivyo desturi, zilikuwa zimefunguliwa fundo moja moja, zikakunjwa, zikapangwa pembeni mwa meza.

"Mwizi gani huyu anayekunja tepe?" alijiuliza Inspekta.

"Wa Auchterlaw," sauti ilijibu kutoka ngazini, ikiutaja mji jirani. Alikuwa Meya Archibald Dalgleish, katika suti yake ya kanisani, uso umemwiva. "Tumewafunga raga, wamenuna. Wakamate wote."

"Mheshimiwa, watu wa Auchterlaw hawakunji hata suruali zao."

Meya alitaka kucheka, akajizuia, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwa la kucheka. "Basi linabaki moja tu, na silipendi. Ufunguo wa ukumbi ni mmoja. Tangu tepe zifungwe, bendera na ufunguo ni amana ya Mshika Bendera. Kijana ameapa mbele yetu kuirudisha bila doa. Ikiwa farasi watatoka kesho bila bendera, Ninian Turnbull nitamvua ukanda wa cheo mimi mwenyewe, na jina lake halitachongwa."

Aliuelekeza mkono kwenye ubao mkubwa wa mwaloni ukutani, palipochongwa majina ya Washika Bendera wote. Baba yake Ninian alikuwamo. Babu yake pia.

Kituoni, Ninian aliketi akiwa amejikunyata, mabega yake mapana yakiwa kama ya mtu mwingine.

"Ulifunga ukumbi?" aliuliza Inspekta.

"Nilifunga."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Meya alikuwa nami."

"Kisha?"

"Nikaenda nyumbani kwa bibi. Nalala kwake."

"Ufunguo?"

"Ulikuwa katika koti."

"Na koti?"

"Kwenye msumari, jikoni."

"Ulipoamka?"

"Koti msumarini, ufunguo mfukoni." Akainua macho. "Afande, bibi amenishonea suruali ya kupandia farasi kwa mkono wake. Nitamwambia nini?"

Inspekta aliinuka. Alichukua kofia yake.

Kengele za kanisa zilikuwa zikilia alipoteremka na Moodie kwenye kichochoro cha Wafumaji, alikoishi bibi yake Ninian. Milango ilifunguliwa mmoja baada ya mwingine. Watu wakatoka na vitabu vya nyimbo kwapani, wakawaamkia, wakapita. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, na jua likawaka kwa ukarimu usio wa kawaida yake.

Nyuma ya nyumba, kwenye uwanja wa kuanikia nguo unaotumiwa na majirani wote, kamba zilikuwa tupu. Zote, isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa na mashuka mawili meupe, yamebanwa vizuri, yakipunga upepo.

Inspekta alisimama ghafla, Moodie nusura amgonge.

"Moodie, mashuka yale ni ya nani?"

"Kamba ile ni ya Bibi Jessie Turnbull, Afande."

"Leo ni siku gani?"

Konstebo alifungua kinywa, akakifumba. Katika mji ule mtu angeweza kusamehewa ulevi, na hata kuoa Auchterlaw, lakini hakuna aliyeanika nguo Jumapili, siku ya Bwana. Na Bibi Turnbull ndiye aliyewahi kuzianua kwa mkono wake soksi za mchungaji mgeni, akampelekea mlangoni zikiwa bado zinachuruzika.

Inspekta alitembea mpaka kambani, akayatenganisha mashuka. Katikati yao, ikiwa imefichwa kama mgonjwa kitandani, ilining'inia bendera ya Kirkmallin, hariri ya buluu na ng'ombe wake wa dhahabu, bado na unyevunyevu pembezoni.

"Usiiguse kwa mikono hiyo, Elspeth. Umetoka kushika ukuta."

Bibi Turnbull alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mwembamba, wima, amevaa kofia ya kanisani na aproni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ingia. Na huyo afute viatu."

Jikoni alimimina chai kabla ya swali lolote.

"Ulichukua ufunguo kutoka koti la Ninian," alisema Inspekta.

"Nilichukua."

"Kwa nini?"

"Wakati wa kufunga tepe niliona pindo limefumuka. Wenzangu hawaoni kitu siku hizi, wanapiga porojo tu. Ninian alipolala, nikarudi na sindano. Nilikuwa na skoni mkobani, kimkate cha jemu niliyoipika mwenyewe, maana sikuwa nimekula." Akaifuta meza kwa aproni. "Jemu ikadondoka. Juu ya ng'ombe."

"Ungesema, Bibi."

"Niseme nini? Kijana ameapa bila doa, na farasi bado hajapandwa. Doa ni lake, awe amelitia yeye au nimelitia mimi. Nikaifua usiku. Mvua ikanyesha. Ningeikausha jikoni, moshi ungeiharibu hariri. Mvua ilipokatika asubuhi, nikaianika kati ya mashuka, watu wakijiandaa kwenda ibadani." Alikiweka kikombe chini. "Ulikuwa mwanafunzi wangu wa shule ya Jumapili. Nilikufundisha amri zote kumi."

"Ulinifundisha, Bibi."

"Basi nisikilize. Andika wizi. Usiandike Jumapili."

Moodie alikohoa ndani ya chai yake. Inspekta hakutabasamu.

"Meya atauliza ilikuwa wapi na ilikaukaje. Nikinyamaza, watu watasema Ninian aliificha, akaogopa, akairudisha. Atashika bendera kesho huku wakinong'onezana. Neno ni lako, Bibi. Mimi siwezi kulisema kwa niaba yako."

Mwanamke yule mzee alitazama lile koti msumarini. Kisha alivua aproni.

Ibada ilipokwisha, watu walimkuta kwenye ngazi za kanisa, bendera imekunjwa mikononi mwake, Ninian na Inspekta wamesimama kando.

"Niliichukua mimi," alisema, kwa sauti ile ile aliyofundishia watoto wao. "Niliimwagia jemu, nikaifua. Mjukuu wangu hakujua lolote. Na nimeianika leo."

Kuhusu wizi hakuna aliyeshtuka sana.

"Leo?" aliuliza Meya.

"Leo."

"Na yale mashuka?"

"Na mashuka pia."

Mchungaji aligeuka kuutazama mnara kwa makini, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Meya aliipokea bendera, akaikunjua, akaikagua kila upande.

"Haina doa," alitangaza. "Kwa vumbi la miaka yote, sikujua kama yule ng'ombe ana macho."

Ndipo Ninian alipomkumbatia bibi yake mbele ya watu wote, jambo ambalo bibi alilikemea.

Kesho yake farasi walitoka, Ninian mbele, na jina lake likachongwa chini ya majina ya baba na babu yake. Majibu ya maabara yalipofika mwisho wa juma, Inspekta aliyapeleka mwenyewe kichochoroni, akayasoma kwa sauti: si damu, ni jemu ya stroberi, sukari imezidi.

Bibi Turnbull, ambaye alikuwa ametubu wizi na kutubu Jumapili, alisimama.

"Imezidi?" alisema. "Nipe jina la huyo aliyeandika."