Mguu Usio na Tundu

"Shangazi anaogeshwa saa nne. Maji yanachemka."

Ujumbe ulitokea kwenye kioo cha Nokia ndogo aliyoificha chini ya paja. Sindano aliusoma mara moja, akaufuta, akatazama Casio yake.

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi.

Akairudisha simu chini ya paja.

Sindano lilikuwa jina lake makao makuu ya idara ya usalama. Hapa, kwenye chumba cha michoro cha kiwanda cha mbolea, walimwita Dada Mchoraji, na kwa miezi mitatu hakuna aliyemshuku. Programu ya kuchora mitambo alijifunza mwenyewe katika chumba cha kupanga, kwa kutazama video na kwa kukosea. Bastola alifundishwa.

Alikwenda maliwatoni, akafungulia maji yapige kelele, akapiga simu.

"Mjomba."

"Nisikilize." Mkuu wake wa kazi hakuwa mtu wa salamu. "Tarishi tuliyemkamata mpakani amefungua mdomo. Baruti imeshaingia kiwandani kwenu. Imo ndani ya mguu, chini ya kiwiko cha bomba la mvuke. Kiwashio chake kinangoja joto. Nyuzi mia na ishirini. Zaidi ya hapo hajui."

"Viwiko vyenye miguu viko arobaini na moja, Mjomba."

"Na mvuke unaingia saa nne kamili. Pembeni kuna nini?"

Alijua kilichokuwapo pembeni. Tangi la amonia, tani elfu mbili. Likipasuka, upepo ungeichukua sumu ile hadi mjini, kwenye shule mbili na soko, kabla mtu hajajua anakimbia nini.

"Simamisheni mvuke."

"Mwenye baruti akishtuka ataiwasha kwa njia nyingine. Nitafutie mguu kwanza. Saa nne kasorobo nasimamisha kila kitu." Mjomba akashusha sauti. "Miguu yote imechorwa kwa jina la yule mzee wenu. Gari liko njiani kumkamata."

"Naomba msubiri."

"Sababu?"

"Sina bado."

"Basi itafute haraka, mwanangu."

Mzee mwenyewe walimwita Babu Kiwiko, kwa kuwa hakuzungumza habari nyingine. Bomba likinyooka, alikuwa akisema, lajibeba lenyewe. Likipinda tu, linataka pa kuegemea. Kwa hiyo chini ya kiwiko huchomelewa kipande cha bomba kama mguu, kikakanyaga chuma, na mwisho wake hufunikwa kwa bamba. Ndani ni kitupu. Kitupu cha kutosha kuficha chochote.

Sindano alirudi kwenye kiti chake.

Alifungua mchoro wa kiwanda. Mabomba yakajaa kwenye kioo, ya kijani na ya manjano, yakipandana na kupinduka. Akaenda kiwiko cha kwanza. Mguu, bamba, chuma. Cha pili. Cha tatu. Yote ilifanana kama maharage.

Kiwanda kile hakikuingiza chuma kisichokuwemo kwenye mchoro. Walinzi wa ghala walihesabu kila kipande kilichofika kwenye makreti. Maana yake, aliyeleta mguu wa baruti alilazimika kuuchora kwanza. Alikaa kwenye kompyuta kama hii. Akauchora kwa mkono wake.

Na kila mchoraji ana mkono wake.

Mkono wa Babu Kiwiko aliufahamu. Siku yake ya kwanza mzee alimgonga begani kwa rula.

"Mwanangu, umeuziba mguu kote. Hewa iliyomo ikipata joto itatokea wapi?"

"Sijui, Babu."

"Itatokea usoni mwa mtu. Toboa!"

Tundu dogo tu, la kupitisha penseli, ubavuni mwa mguu. Mzee hakuchukua miguu ya tayari iliyomo kwenye kabati la programu, kwa sababu haikuwa na tundu. Alijitengenezea wake, akauhifadhi, na kila alipohitaji mguu aliunakili ule ule. Chumba kizima kilimtania.

"Babu, hata kaburi lako utalitoboa?"

"Nitalitoboa," alijibu, "nisikie mnavyonisengenya."

Sindano aliacha kuzunguka viwiko. Akaiamuru programu impe orodha ya miguu yote na mahali kila mmoja ulipochukuliwa.

Arobaini ilitoka kwenye akiba ya mzee.

Mmoja ulitoka kabatini.

Kiwiko namba kumi na saba, upande wa kaskazini, hatua sita kutoka kwenye tangi. Jina la mchoraji: la mzee. Lakini mzee angekula sahani kabla ya kuchora mguu ule. Neno lake la siri lilikuwa limebandikwa kwa gundi kwenye kompyuta yake, na kila alipokwenda kunywa chai kiti kilibaki wazi. Nani alipenda vya kabatini? Nani alisema mambo ya kutoboatoboa yamepitwa na wakati?

"Dada Mchoraji, leo hata chai hunywi?"

Sauti ilikuwa nyuma ya sikio lake.

Mshauri. Mtu wa shati jeupe lisilochafuka, aliyeletwa kutoka nje kuharakisha kazi. Alinukia sabuni ya bei. Macho yake hayakuwa kwa Sindano. Yalikuwa kwenye orodha.

"Nimechelewa na kazi, bosi."

"Kazi haiishi." Alitabasamu kwa meno tu. "Nimekuja kuwaaga. Ndege haimngoji mtu."

Akaingiza mkono mfukoni. Kitu kikalia humo, tik, kama kalamu ya Bic. Halafu akatoka, bila haraka.

Sindano alinyakua Nokia.

Hakuna mtandao.

Redio ya mezani ikatoa mkwaruzo mrefu na kunyamaza. Mshauri alikuwa ameyavuruga mawimbi yote. Mjomba sasa alikuwa mbali kama mwezi.

Aliangalia saa. Tatu na dakika thelathini na nne. Bado muda upo, alijiambia. Mvuke ni saa nne.

Kisha akakumbuka jambo ambalo Mjomba hakulijua.

Bomba baridi haliingiziwi mvuke kwa pupa. Hupashwa kwanza, kidogo kidogo, kwa nusu saa nzima.

Kazi hiyo hakuachiwa mtu mwingine ila Babu Kiwiko, na sasa alikuwa ameshaanza kufungua vali.

Alikimbia.

Ngazi za chuma, tatu tatu. Uwanja wa kokoto. Kofia ya plastiki ilimdondoka, akaiacha. Mchomeleaji mmoja alimzomea, "Dada, kumeingia nyoka huko ofisini?" Pumzi alihitaji zote. Alitaka kukimbilia upande wa pili, kwenye geti, na aliona aibu kwa jinsi alivyotaka hivyo. Miguu ikaendelea kwenda kaskazini.

Mzee alisimama kwenye gurudumu la vali, glovu mikononi, akilisogeza robo duara. Bomba juu yake lilikuwa likigonga na kukoroma.

"Babu! Funga!"

"Kwa amri ya nani?"

Angeweza kutoa kitambulisho cha idara. Angeweza kutoa bastola. Alisema, "Kiwiko cha kumi na saba. Mguu wake hauna tundu."

Mzee hakuuliza swali la pili. Alilizungusha gurudumu kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo imemtoka, hadi likakwama.

"Nani kauweka?"

"Aliyetumia jina lako. Ndani mna baruti, Babu. Inawaka ikifika nyuzi mia na ishirini."

Uso wa mzee ukawa majivu. "Mvuke niliokwisha kuuingiza haurudi, mwanangu. Utazidi kupasha."

Kwenye mkeba wa vifaa uliokuwa kando ya vali Sindano alitoa kipimajoto cha mkono, kile cha mwanga mwekundu, akakielekeza kwenye kiwiko.

Tisini na nane.

Mia na mbili.

"Maji!" alisema mzee, na tayari alikuwa akiburuta mpira wa zimamoto. Maji yalitoka kwa kishindo, yakapiga kiwiko, yakageuka wingu. Sindano alishindwa kuona. Alisoma namba kwa kubahatisha kwenye ukungu.

Mia na saba. Mia na kumi na moja.

"Haishuki, Babu."

"Chuma kinene. Kipe nafasi."

"Funga maji hayo."

Mshauri alisimama kwenye njia ya chuma juu yao, shati bado jeupe, Glock mkononi. Sindano alichomoa Beretta yake. Mdomo wa bastola ulicheza huku na huku kama unatafuta mtu wa kumsalimia.

"Unatetemeka, dada," alisema Mshauri. "Utampiga mzee wako."

Ni kweli alitetemeka. Lakini aliona kitu. Kila bomba lilipogonga, Mshauri alirudi hatua. Moja. Nyingine. Alikuwa na bastola, alikuwa na gari linalonguruma nje, na macho yake hayakuachana na kile kiwiko.

"Na wewe unaogopa," Sindano alisema. "Tena kuliko mimi. Mimi nimesogea karibu."

"Nyamaza!"

"Piga basi. Risasi ikigusa mguu huo, geti utaliona?"

Kidole cha Mshauri kilisita kwenye kifyatulio. Akatupa jicho nyuma, kupima umbali wa kukimbia.

Babu Kiwiko hakungoja aambiwe. Aligeuza mpira.

Maji yalimpiga Mshauri kifuani kama teke la ng'ombe. Alibebwa, akagonga reli, Glock ikaanguka kwenye kokoto. Sindano alipanda ngazi bila kujua amepanda vipi. Goti mgongoni. Pingu mkono wa kulia, pingu kwenye reli. Akampekua mfukoni, akatoa kidude cheusi kilichokuwa kikivuruga mawimbi, akakizima.

"Babu, rudisha maji!"

Yalikuwa yamesharudi. Sindano alielekeza kipimajoto. Hakutaka kusoma. Akasoma.

Mia na kumi na nane.

Mia na kumi na nane.

Mia na kumi na saba.

Mia na kumi na mbili. Mia na tano. Tisini na tatu.

Nokia ikatetemeka kiunoni.

"Sindano! Sauti yako ilipotelea wapi? Vijana wetu wamefika getini, wanakuja kumchukua mzee."

"Waje wamchukue mwenye shati jeupe, nimemfunga kwenye reli. Wategua baruti waende kiwiko cha kumi na saba. Na Mjomba..."

"Sema."

"Kwenye faili futeni jina la mzee. Leo hii, nikiwa nasikia."

Kalamu ikakwaruza karatasi upande wa pili.

"Limefutwa."

Wategua baruti walifika, wakawasogeza watu, wakamaliza kazi yao kimyakimya. Mguu ulipokatwa na kuondolewa, kiwiko kilibaki kinaning'inia hewani. Mzee alikitazama kwa uchungu, kama mtu anayetazama mtoto asiye na viatu.

"Hiki kinataka mguu mpya kabla ya jioni," alisema. "Kauchore, mwanangu. Mkono wako sasa nauamini. Uandike jina lako."

Sindano alirudisha kipimajoto ndani ya mkeba.

"Uchore wewe, Babu. Jina langu la hapa ni la kuazima."

Mzee alimtazama, akatazama pingu, akatazama bastola. Aliitikia kwa kichwa taratibu, akavua glovu moja, akampa mkono.

Sindano alivuka uwanja kuelekea getini. Mafundi walimpisha njia. Baadaye walisimulia jinsi yule dada alivyoondoka akitembea polepole, mikono mifukoni, kama anayetoka kununua mkate.

Mikono aliiweka mifukoni ili isionekane. Na alitembea polepole kwa sababu magoti yalikataa mwendo mwingine wowote.