Nilihamisha Akaunti kwa Zawadi, Nikapata Talaka

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na mitatu, Mnubi, mkazi wa Mafubira hapa Jinja. Naishi peke yangu na kuku wangu. Wasomaji wenzangu, nimesoma mikasa yenu mingi, nikalia nanyi, na wengine nikawasonya... Leo ni zamu yangu. Nisonyeni tu, nastahili!

Mtu akisikia mwanamke kapoteza ndoa, hufikiri ni hawara, au pombe, au mama mkwe. Ndoa yangu iliondoka na zawadi ya benki. Ndiyo, zawadi! Zile pesa ambazo benki humpa mtu ili ahame na akaunti yake kutoka kwa wenzao.

Mume wangu Ramadhani alikuwa dereva wa malori ya jeshi, kambi ya Jinja. Alikuwa mpole, mtu wa kucheka bila sauti mpaka mabega yanatikisika. Tulikuwa na binti mmoja, Mariamu, ndio kwanza anajifunza kutembea vita vilipotufikia. Serikali ya wanajeshi ilikuwa inaanguka, na sisi Wanubi, tuliohesabiwa kuwa watu wake, tulijua tutalipia hata tusiyoyatenda. Jirani uliyemkopesha chumvi jana, leo anapita akihesabu mabati yako kwa macho...

Siku aliyokimbia, Ramadhani aliingia chumbani na viatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakukaa hata kidogo. Alinipa kitabu cha akaunti aliyonifungulia kwa jina langu, Sauda, katika benki moja ya zamani pale mjini Jinja.

"Sauda," akaniambia, "nyumba watachukua. Mimi hapana jua wewe utalala wapi, na wewe hapana jua mimi niko wapi. Lakini hii akaunti hapana mutu atachukua. Nikipata pesa, natuma huku. Ikipokea, najua uko."

Kisha akatabasamu nusu. "Na siku ukichoka ngoja mimi, ukipata bwana mwingine, funga. Mimi nitaelewa. Hapana kasirika."

Nilimpiga kifuani kwa ngumi! Nikamwambia asinitamkie mkosi nyumbani kwangu. Akacheka ule mcheko wake, akambusu mtoto, akapanda lori. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona akiwa mume wangu.

Nyumba waliichukua kweli. Nilikimbilia Mbale na mtoto mgongoni, na mama mmoja Mgisu, mjane aliyekuwa akichambua kahawa kiwandani kule mtaa wa Industrial, akatuficha kwake. Mungu amlaze pema. Aliwaambia watu mimi ni binti wa dada yake, jina langu Joyce. Nikavua ushungi. Mariamu akawa Mary. Nikaingia naye kiwandani, mchana kutwa nachambua punje mbovu mpaka macho yanatoka machozi, na swala nikiiba nyuma ya magunia.

Nikangoja. Serikali ikaja, ikaenda, ikaja nyingine na bunduki zake. Kila mara watu walisema sasa ni amani, na kila mara tulilala tumevaa. Waliorudi kutoka Sudan, walikokimbilia wanajeshi wetu, walileta habari zao. Mmoja alisema Ramadhani alikufa kwa homa njiani. Mwingine akaapa kwamba ilikuwa risasi. Nimlilie yupi, wa homa au wa risasi?

Lakini akaunti sikuigusa. Pesa zilizokuwamo zilikuwa zimekwisha thamani, zisingenunua hata kanga. Hata hivyo kila nilipofika Jinja nilipita mbele ya ile benki, nikautazama mlango wake, nikaenda zangu. Wenzangu waliofiwa walikuwa na makaburi ya kuzuru. Mimi nilikuwa na mlango wa benki.

Halafu amani ikaja ya kweli. Viwanda vikaanza tena kutoa moshi, maduka yaliyopigiwa mbao yakapakwa rangi. Pale Mbale ikafunguliwa benki mpya, na mziki nje kama harusi! Tangazo lao lilikuwa hili: lete akaunti yako kutoka benki nyingine, lete na karatasi kwamba ile ya zamani umeifunga, sisi tunakupa pesa taslimu mkononi.

Aliyeniletea habari hizo ni Kassim, mtoto wa baba mdogo wa Ramadhani. Alikuwa mchuuzi wa kwenda na kurudi Malaba, mpakani na Kenya, na benki mpya walikuwa wakimlipa kwa kila kichwa alichowapelekea. Alinikuta pabaya. Mariamu alikuwa amefaulu kuingia sekondari ya bodingi, na shule ilidai kila mtoto aje na godoro na sanduku la bati. Mimi mwenyewe nililala kwenye mkeka.

"Shemeji, pesa ya bure unaacha?" akaniambia. "Ile akaunti ya Jinja inakuzalia nini?"

Nikamjibu kwamba ile si akaunti tu, ni ya Ramadhani, na yeye anajua. Kassim akatazama chini. Akafungua mdomo. "Ramadhani..." akasema, kisha akanyamaza. Nilimwona akimeza kitu! Kisha akasema kwa haraka, "Shemeji, mtoto atalala chini huko shule, na wewe unachunga kitabu?"

Wasomaji wenzangu, kwa nini sikumshika shati nikamuuliza ulitaka kusema nini? Mpaka leo najiuliza.

Nikaanza kuhangaika. Barua ya mwenyekiti wa RC, baraza letu la mtaa, picha ndogo, nauli ya Mbale mpaka Jinja, na kiwandani mshahara wa siku hiyo umekatwa. Nilipofika benki wakaniambia sahihi yangu hailingani na ya kitabuni. Ingelinganaje? Sikuwa nimeandika jina la Sauda tangu nikimbie. Mkono ulianza na J... Wakanirudisha Mbale nikalete barua nyingine, ya kuthibitisha kwamba Sauda na Joyce ni mtu mmoja.

Safari ya pili yule msichana wa dirishani aliniuliza sababu ya kufunga. Nikasema nahama. Akawa anaandika huku akisoma kwa sauti, "Imefungwa kwa ombi la mwenyewe." Maneno ya Ramadhani yakanijia kama yuko nyuma yangu kwenye foleni. Moyo ukaniambia: Sauda, rudi! Nikaujibu: maiti hatumi pesa, na mtoto anataka godoro. Nikatia sahihi.

Kule Mbale akaunti mpya niliifungua kwa jina la Joyce, kwa kuwa ndilo mwenyekiti alilolitaja kuwa jina langu la siku hizi. Hivyo Sauda hakuandikwa tena mahali popote.

Na hiyo zawadi? Lo! Mara njoo wiki ijayo, mara mkubwa yuko Kampala. Sehemu wakaizuia, wakasema lazima ikae ndani ya akaunti. Muhula mzima Mariamu alilala godoro moja na mwenzake. Zilipotoka nilinunua godoro la sponji na sanduku lenye kufuli bovu. Ukitoa nauli na siku za kazi nilizopoteza, sijui nilipata nini. Na baada ya hapo kila mwezi benki ikawa inamega kidogo kidogo, eti gharama za kutunza akaunti.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni Kassim. Aliacha kuja kwangu. Nikikutana naye sokoni, anavuka barabara. Siku ya Idi nilimpa mkono akaupokea kwa ncha za vidole, jasho linamtoka. Mtu aliyekuletea bahati anaogopaje macho yako? Nilihisi kuna jambo limekaa mahali linaningoja, na sikujua liko wapi.

Miaka ikapita. Tukarudi Jinja, nikavaa ushungi wangu na jina langu, nikajibana nikapata chumba hapa Mafubira. Mariamu akasomea ualimu, akapata mchumba, kijana wa Kiislamu kutoka Mbale. Posa ikapokelewa, mahari ikakubaliwa. Nilijiona nimefika!

Siku ya nikahi nyumba ilijaa. Sisi wanawake tulikuwa upande wa pili wa pazia, sinia za pilau zimeshafunikwa. Sheikh akauliza, baba wa binti yuko wapi? Nikajibu kwa sauti nikiwa nyuma ya pazia kwamba alikufa wakati wa vita. Akasema, basi walii, msimamizi wa binti, atoke upande wa baba. Ni nani wa karibu?

Wazee wakamwonyesha Kassim. Alikuwa ameitwa, hakutaka kuja. Sheikh akamtaka athibitishe mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba baba wa binti amefariki, ili yeye aozeshe badala yake.

Nikachungulia. Kassim alikuwa amekaa na viganja vimefunika uso.

"Sheikh, mimi siwezi," akasema. "Ndoa ya mtoto itaharibika juu yangu. Baba yake yuko hai. Yuko Eldoret, Kenya."

Nilianguka pale pale, na sinia moja nikaanguka nayo. Waliponimwagia maji na kuniinua, nilisukuma pazia, nikaenda kusimama mbele yake, mbele ya wanaume wote. Nikamwambia, sema yote.

Akasema. Siku chache kabla hajaja kwangu na habari za benki, alikutana na Ramadhani Malaba, upande wa Kenya. Ramadhani alikuwa dereva wa malori ya tajiri mmoja wa Eldoret, na aliogopa kuvuka kwa sababu askari wa zamani walikuwa wakikamatwa. Alimshika Kassim mikono yote miwili. Akamwagiza anitafute, aniambie yuko hai, na kwamba anatuma pesa kwenye akaunti ile ile.

Kassim alikuja mlangoni kwangu na salamu hizo mdomoni... akazimeza! Alijua akinipa, sitaifunga akaunti, na yeye atakosa malipo ya kichwa kimoja. Alijiambia, acha afunge kwanza, halafu nitamwambia. Lakini Ramadhani alikuwa amekwisha kutuma. Pesa zikafika akaunti imeshafungwa, benki ya Jinja ikazirudisha na jibu: akaunti imefungwa kwa ombi la mwenyewe.

Ramadhani akamsubiri Kassim Malaba. Akamuuliza, ni kweli Sauda ameifunga mwenyewe, kwa mkono wake? Kassim akasema ni kweli. Akamuuliza, siku hizi anaitwa nani? Kassim akasema, anaitwa Joyce.

Hakusema uongo, wasomaji wangu. Hata neno moja! Mume wangu, akiamini nimeolewa na Mkristo, alikaa kwenye ngazi ya lori lake muda mrefu. Kisha akawaita madereva wawili wawe mashahidi, akatoa talaka yangu. Eda yangu ilipita, mimi niko Mbale nachambua kahawa, sina habari. Na Kassim kila alivyozidi kuchelewa kusema, ndivyo alivyozidi kuogopa kusema.

Nikahi iliahirishwa. Ramadhani alitumiwa mtu, akaja. Nywele zimekuwa nyeupe, mguu mmoja anauburuta. Alikuja na mke wake wa Eldoret, mwanamke mwenye adabu, akaniita dada. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Yeye kaniibia nini? Ramadhani aliushika mkono wa bwana harusi akamwozesha Mariamu. Binti yangu alilia mpaka wanja ukashuka mashavuni. Tangu atamke "mama" hakuwahi kutamka "baba" akaitikiwa.

Baada ya chakula alikuja nyuma ya nyumba, nilikokuwa nimekaa. Alisimama mbali, kama inavyompasa mwanamume asimamapo mbele ya mwanamke asiye wake. Hapo ndipo nilipoamini kwamba mimi si mke wake tena.

"Mama Mariamu," akasema, "benki walikupa ngapi?"

Nikamwambia, bei ya godoro na sanduku. Mtoto alikuwa anaenda bodingi.

Mabega yake yakatikisika, nikadhani anacheka... Hakuwa anacheka.

"Ile pesa nilituma ilikuwa ya shule," akasema. "Mimi nilikwambia nitaelewa. Nikaelewa."

Nilitaka kumwambia hata uke wenza ningeukubali, mimi niliyekuwa nikiwacheka wenye wake wenza! Hakuuliza, na mimi sikusema. Mkewe akamwita, gari lilikuwa linaondoka.

Haukupita mwaka, akafariki. Tulikwenda Eldoret kuzika. Mkewe alikaa eda. Mimi, niliyemngoja kupitia serikali zote zile, nilikula chakula cha matanga na wageni wengine, nikarudi Jinja.

Kassim nimemsamehe mara nyingi, na kila asubuhi naona sijamsamehe.

Sasa sikilizeni. Benki bado zinagawa zawadi, siku hizi mpaka kwenye simu! Sisemi kuhama ni haramu. Hesabu nauli yako, hesabu na watakachokumega kila mwezi, uone kinachobaki. Hiyo ni hesabu nyepesi, mtoto wa shule anaiweza. Lakini jiulizeni pia: ni nani aliyeshika namba ya akaunti yako, na siku akiitafuta na kukuta imefungwa, atafikiri nini juu yako? Mtangulize mtu huyo, zawadi baadaye. Na anayekuja mlangoni kukusifia pesa za bure, akafungua mdomo na kuufumba, usimwache aondoke. Mshike!

Nawasihi, msipite nilikopita. Mimi nilikwisha kumzika mume wangu moyoni, nikatia sahihi kwa ajili ya godoro. Kumbe yu hai, ng'ambo ya mpaka, amepanga foleni benki na kofia mkononi, ananitumia karo.