Mguu Uliofichwa Chini ya Njuga

Kila Jumanne na Alhamisi, masomo yakiisha, Kadzo alichukua kikapu chake cha njuga akaenda shuleni Gongoni kufundisha ngoma. Alikuwa amecheza miaka kumi na mmoja katika mahoteli ya Malindi. Mguu wake wa kulia ulipochoka na kazi ya kila siku, mwalimu mkuu alimwomba awafunze watoto. Kazi hiyo aliipenda kuliko alivyotarajia.

Watoto walipenda masimulizi yake. Aliwaambia kwamba kule hotelini, ukikaa chini leo, kesho nafasi yako ina mwenyewe. Kwa hiyo alipoteguka mguu, alifunga njuga juu ya uvimbe, akacheza mwezi mzima huku akitabasamu.

"Mchezaji halii," alisema. Watoto wakacheka, na neno hilo wakalishika.

Aliyelishika zaidi ni Mueni, msichana wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake walitoka Ukambani, na baba yake alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Ngoma yao ilichezwa kwa mabega, na mwanzoni wenzake walimtania kuwa yake ni ya mbao. Alijifunza mpaka wakanyamaza. Sasa yeye ndiye aliyeongoza mstari, na mashindano ya wilaya yalikuwa yamebaki wiki mbili.

Alhamisi moja Kadzo alisikia njuga za Mueni zikichelewa. Akamwita pembeni, akainama, akamfungua njuga. Chini ya njuga palikuwa na kitambaa. Chini ya kitambaa, kifundo kilikuwa kimefura kama andazi.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu jana, mwalimu. Lakini sikulia."

Kadzo alizitia zile njuga kikapuni. Alimbeba mgongoni mpaka kwao. Mama yake, Easter, alipouona ule mguu alibandika maji ya moto na kutafuta mafuta ya kuchulia. Akasema mambo ya ngoma yamekwisha, mtoto hakuletwa duniani kuvunjwa miguu. Kadzo alimwomba radhi, akamsihi wampeleke kwanza kwa jirani yao Priscilla, muuguzi wa zahanati.

Priscilla alimpapasa Mueni mifupa, akamwambia atembee hatua nne. Akatembea, ingawa kwa kuchechemea.

"Angeshindwa kukanyaga, ningewatuma hospitalini sasa hivi," alisema. "Huku ni kuteguka. Lakini Mama Mueni, siku hizi za mwanzo usimchue, wala usitumie maji ya moto. Uvimbe utazidi. Loweka kitambaa katika maji baridi ya mtungi, umwekee robo saa, mara kadhaa kwa siku. Akilala, mguu uwe juu ya mto. Bandeji isimkaze mpaka vidole vife ganzi. Na apumzike."

"Na mashindano?" Mueni aliuliza.

"Utayatazama ukiwa umeketi."

Kisha Priscilla, aliyewahi kuwasikia watoto wakirudia kile kisa cha hotelini, akamgeukia Kadzo. "Na wewe, dada, mguu wako uliuponya lini?"

"Sikuuponya," Kadzo alisema polepole. "Niliuficha."

"Basi wasimulie watoto na hiyo sehemu iliyobaki."

Jumanne iliyofuata Kadzo aliwasimulia watoto yote. Aliwaambia kuwa hata baada ya kuuficha, hoteli ilimwacha, na mguu haukupona kamwe. Tangu siku hiyo walianza kwa kutembea na kujinyoosha mpaka mwili upate joto. Mwenye maumivu alisema, akakaa, na nafasi yake ikamngoja.

Siku ya mashindano Easter alikuja, amenuna, akaketi na binti yake kwenye benchi. Watoto walipoingia, mbele ya mstari palikuwa na pengo la mtu mmoja. Hakuna aliyewekwa pale. Walishika nafasi ya tatu, na mwalimu mkuu hakufurahi. Lakini wiki ya sita tangu Mueni aumie, Priscilla aliporidhika na ule mguu, Easter mwenyewe alimleta binti yake uwanjani.

Muhula uliofuata, asubuhi moja, mguu wa Kadzo uliamka na maumivu. Alifika shuleni akikanyaga kwa shida. Zamani angefunga njuga na kutabasamu. Siku hiyo aliketi kwenye benchi mbele ya watoto wote.

"Leo mguu unaniuma," alisema. "Mueni, ongoza mstari."

Hakuna aliyecheka. Mueni akasimama mbele. Hakuanza na mabega. Aliwatembeza wenzake kwanza, polepole, kuuzunguka uwanja.